Kumpeleka rafiki kwenye theluji kwa mara ya kwanza bila kufilisika: mwongozo kamili wa Borovets, Bulgaria

Mara ya kwanza nilipovaa ski, yaani zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, rafiki aliyenialika alinipandisha moja kwa moja hadi juu ya mlima. "Utajifunza huku unashuka," akasema. Nilishuka kweli, kwa makalio, saa nzima na ushee, na jioni nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelipia pasi ya lifti, ile mitambo inayowapandisha watelezaji, ya mlima mzima ambao sehemu pekee niliyoifahamu vizuri ni ile iliyopita chini ya suruali yangu.

Tangu siku hiyo nimewapeleka wenzangu watatu kwa nyakati tofauti, wote tuliokuja Ulaya kutafuta maisha, na wote walikuwa hawajui ski hata kwa kuigusa. Nimekosea mengi na kuyarekebisha. Jambo kubwa nililoshika ni hili: asiyejua kabisa anahitaji vitu vitatu tu, yaani buti linalomkaa, mwalimu ambaye si rafiki yake, na kipande cha mteremko kisichozidi sana urefu wa uwanja wa mpira. Kilomita mia mbili za njia na hoteli iliyo mlangoni pa lifti ni mapambo. Ukilielewa hilo, bei ya safari inashuka yenyewe.

Kwanza kabisa, zungumzeni hela

Kabla ya kutafuta ndege, kaeni chini mseme wazi kila mmoja ana kiasi gani. Urafiki mwingi unaharibikia hapa: mzoefu anapanga safari ya ndoto yake, mgeni anaona haya kusema hana, anakopa, kisha anakwenda kuanguka theluji kwa deni.

Mara ya mwisho tulijiwekea kikomo cha yuro 800 kila mmoja kwa usiku sita, tukazigawa hivi: 130 za ndege pamoja na begi, 150 za malazi ya chumba cha watu wawili, 320 za masomo, vifaa na lifti, 130 za chakula, na 70 za mabasi na bima. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama orodha ya dukani. Cha kuangalia ni mgawanyo wenyewe. Fungu la masomo na vifaa ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisiloguswa. Mkibanwa, laleni mbali zaidi, pikeni wenyewe, badilisheni tarehe. Msikate mwalimu.

Jingine: msigawane gharama za mlimani nusu kwa nusu. Wewe unayejua utanunua pasi ya mlima wote, mwenzako hataitumia. Kila mtu alipie mlima wake. Chumba, teksi na chakula, hivyo ndivyo vya kuchangia. Sisi tulianza kibubu mwezi wa Septemba, kila Ijumaa kidogo kidogo, na ilipofika Januari hakuna aliyeumia.

Kwa nini Borovets

Borovets iko kwenye milima ya Rila, kilomita zipatazo 70 kusini ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Ilianzishwa mwaka 1896, wakati huo ikiitwa Chamkoria, kama mahali pa mapumziko ya mtawala wa nchi na wakubwa wa Sofia. Kijiji chenyewe kiko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kimo cha Lushoto, na chini ya Nairobi. Kwa hiyo mwenzako aliyekulia Nairobi akianza kusema hewa ya juu inamsumbua, mwambie atafute kisingizio kingine. Juu yake umesimama Musala, mita 2,925, kilele kirefu kuliko vyote katika nchi za Balkani.

Kinachonivuta mimi ni kwamba miteremko ya wanaoanza iko chini kabisa, kijijini. Mgeni anatoka duka la kukodi vifaa, anatembea dakika chache, amefika darasani. Akichoka au akilia, chai iko hatua chache kutoka hapo. Bansko, kituo kingine maarufu cha Bulgaria, ni kizuri na mji wake unapendeza, lakini ni kama kilomita 160 kutoka Sofia, na masomo ya wanaoanza yako juu mlimani, kwa hiyo kila asubuhi mnapanga foleni ya gondola, lifti ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, kwanza. Kwa mzoefu si neno. Kwa mtu anayejaribu kutembea na buti la plastiki kwa mara ya kwanza, foleni hiyo inammaliza nguvu kabla hajaona mteremko. Ukikosa nafasi Borovets, angalia Pamporovo kwenye milima ya Rhodope, upande wa Plovdiv. Njia zake nyingi ni laini.

Aibu za Borovets nazo nizitaje. Theluji ya kijijini huyeyuka mapema kukiwa na joto. Sehemu ya juu iitwayo Markudzhik, inayofika mita 2,560 hivi, haina miti na hufungwa upepo ukichachamaa. Halafu mtaa wa mikahawa una wapiga debe wanaokufuata kama uko Ubungo. Unatabasamu, unapita.

Kwa unayesoma haya ukiwa Dar, Nairobi au Bujumbura, nikuambie ukweli: visa na nauli vitameza neno "nafuu" lote. Afriski ya Lesotho, kwenye milima ya Maluti zaidi ya mita 3,000 juu, inafanya kazi Juni hadi Agosti, na unaifikia kwa barabara kutoka Afrika Kusini. Mteremko wake mkuu una urefu wa kilomita moja hivi. Kwa mgeni kabisa unatosha na kusaza. Yanayofuata hapa chini nayaandika kwa walioko Ulaya tayari.

Kuchagua wiki

Msimu huanza katikati ya Desemba na kwenda hadi mwanzoni mwa Aprili. Epuka Krismasi na Mwaka Mpya, na epuka wiki ya kwanza ya Januari, kwa sababu majirani Waserbia na Wamasedonia wanasherehekea Krismasi yao tarehe 7 na wengi huja kupumzika. Katikati ya Februari shule za Uingereza zinafungwa, bei zinapanda. Tarehe 3 Machi ni sikukuu ya taifa ya Bulgaria, Sofia nzima inahamia mlimani.

Inabaki wiki ya pili hadi ya nne ya Januari, na baadaye Machi baada ya tarehe 3. Januari theluji ni ya uhakika zaidi lakini baridi inauma. Machi kuna jua, na theluji ya mchana inakuwa kama uji, jambo ambalo kwa mgeni si baya sana: anateleza polepole, anaanguka pororo.

Kwa Waislamu, tazameni na kalenda ya mwezi. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na kwenda hadi karibu na tarehe 9 Machi. Kujifunza ski na saumu kwa pamoja sikushauri; nimeona kijana mwenye nguvu zake akitetemeka magoti ifikapo adhuhuri, na alikuwa amekula.

Ndani ya wiki, fikeni Jumapili jioni na kuondoka Jumamosi asubuhi. Borovets iko karibu mno na Sofia, hivyo mwisho wa wiki hujaa watu waliokuja na magari yao. Jumatatu hadi Ijumaa mteremko ni wenu.

Karatasi

Bulgaria imeingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, kikamilifu tangu tarehe 1 Januari 2025. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi, Sweden au nchi nyingine ya Schengen anaingia na kibali hicho pamoja na pasipoti yake, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Beba vyote viwili. Usiache kadi nyumbani ukidhani pasipoti inatosha.

Aliyeko Uingereza na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji visa ya Schengen, hata awe na ukaazi wa kudumu wa huko. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ni sharti. Miadi ya visa huadimika karibu na sikukuu, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla, na usinunue tiketi isiyorudishwa hela kabla visa haijabandikwa.

Fedha ni rahisi siku hizi: tangu tarehe 1 Januari 2026 Bulgaria inatumia yuro. Ukikuta tovuti bado ina bei za zamani za leva, gawanya kwa mbili, umekaribia.

Kutoka uwanja wa ndege hadi mlimani

Njia ya wavivu ni gari la kukodi au la kupokelewa, linalofika Borovets kwa saa moja na kidogo. Mkiwa wanne linalipa. Mkiwa wawili, fanyeni hivi. Shukeni Sofia, nendeni jengo namba 2 la uwanja wa ndege. Mkifikia jengo namba 1 kuna basi la bure la kuwavusha. Hapo ndipo kituo cha metro kilipo. Pandeni hadi kituo cha Joliot-Curie, kisha tembeeni hadi stendi ya kusini, Avtogara Yug. Tafuteni basi la kwenda Samokov. Ni kilomita 60 hivi. Kutoka Samokov kuna basi dogo hadi Borovets, kilomita 10 za kupanda msituni.

Basi hilo dogo wenyewe wanaliita marshrutka. Mtu aliyezoea daladala au matatu hahitaji maelezo zaidi: dereva ana haraka, mizigo inasukumwa nyuma. Jifunze kusoma maneno mawili tu kwenye kioo cha mbele: Самоков ni Samokov, Боровец ni Borovets. Angalieni saa ya basi la mwisho kabla ya kukata tiketi ya ndege. Ndege inayotua usiku ni nafuu hadi pale unapolipa teksi.

Mabegi: begi moja la kuweka chini ya ndege kwa watu wawili linatosha. Vaeni buti zenu nzito na makoti ndani ya ndege. Ski na buti za mlimani msibebe; za kukodi zipo tele.

Kulala Samokov

Hapa ndipo tulipookoa hela nyingi kuliko popote. Samokov ni mji wa kawaida wa watu wanaoishi: soko, shule, wazee wakicheza chesi, na viazi vinavyosifika nchi nzima. Jina lake linatokana na nyundo kubwa za maji zilizokuwa zikifua chuma enzi za Waturuki. Chumba chenye jiko humo ni nafuu kuliko chumba cha Borovets, mkate haupandishwi bei kwa sababu ya mgeni, na marshrutka ya asubuhi inawafikisha kabla ya darasa.

Kikwazo ni jioni. Mkikosa basi la mwisho, ni teksi, na bei mnapatana kabla ya kufunga mlango. Kama mwenzako ni mtu wa kuchoka mapema na kutaka kujitupa kitandani saa nane mchana, chukueni chumba cha kawaida Borovets kwa usiku mbili za kwanza, kisha mshuke Samokov. Tumewahi kufanya hivyo, ikafaa.

Nguo: azima, mitumba, kisha dukani

Mitumba inayofika Kariakoo na Gikomba inaanzia safari yake huku huku. Usinunue jaketi jipya la mlimani kwa mtu ambaye huenda asirudi tena. Suruali na jaketi visivyopitisha maji unavipata vya kuazima au vya mitumba. Vipya tafuta kule Decathlon, duka la vifaa vya michezo, kwenye rafu ya chini kabisa ya bei.

Vipya visivyo na mjadala ni hivi: glovu zisizopitisha maji (za kufuma zinalowa kwa dakika kumi), jozi mbili za soksi ndefu nyembamba za ski, na fulana na suruali ya ndani isiyo ya pamba. Pamba inanyonya jasho, jasho linapoa, mtu anaganda huku amevaa nguo tano. Jinzi usiruhusu hata kwa utani.

Sasa mambo ambayo miongozo ya wenzetu haiyaandiki. Kofia ngumu haikai juu ya rasta nene wala fundo la nywele kisogoni. Suka mistari iliyolala, twende kilioni au yoyote inayofuata kichwa, siku tatu nne kabla ya safari ili kichwa kisiwe kinauma bado. Anayevaa hijabu achukue ile nyembamba ya michezo, au kofia laini inayofunika shingo na kidevu, ikae ndani ya kofia ngumu. Mtandio wa kuning'inia ni hatari kwenye lifti. Usoni paka mafuta ya mgando, kwa sababu upepo wa huko unapasua midomo.

Na tafadhali, dawa ya jua. "Mimi mweusi, siungui" nimeisikia mara nyingi, hata kutoka kinywani mwangu. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na miale hiyo inazidi kwa asilimia kama 10 kila unapopanda mita elfu. Inakupiga kutoka juu na kutoka chini, hadi ndani ya tundu za pua. Macho yanaungua vilevile, kwa hiyo miwani si urembo.

Buti ndilo jambo

Ningeambiwa nichague sehemu moja ya mwongozo huu ibaki, ningeacha hii. Wengi wanaosema ski si michezo yao walivaa buti baya.

Saizi huandikwa kwa sentimita za unyayo. Simamisha mwenzako ukutani bila viatu, pima kisigino hadi kidole kirefu. Ikiwa 26, anza na 26. Mguuni soksi moja tu, nyembamba. Soksi mbili zinajikunja na kuzuia damu, na baridi inaingia haraka zaidi. Suruali ya ndani isiingie ndani ya buti, iishie juu yake. Mkunjo mdogo wa nguo kwenye muundi utakuwa kama jiwe ifikapo adhuhuri.

Akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti na kuegemea mbele, vidole virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Kubana pande zote kwa usawa ni sawa. Kuuma sehemu moja si sawa, na hakutaisha. Atembee nalo dukani dakika kumi. Watu wa duka wana haraka, hasa Jumapili jioni na asubuhi saa tatu. Nendeni nyakati ambazo foleni imekwisha. Muulize mapema kama unaruhusiwa kubadilisha buti kesho yake bila kulipa. Duka likikataa, nenda la jirani.

Ski za mgeni ziwe fupi, zikisimamishwa zifike kidevuni hivi. Fundi atauliza uzito, kimo, umri na uwezo ili arekebishe kufuli inayoshika buti. Aseme kweli yote, hasa uzito. Kufuli iliyokazwa kwa uzito wa uongo inaweza isifunguke wakati wa kuanguka, na goti ndilo linalolipa. Kofia ngumu chukueni pia.

Mwalimu asiwe wewe

Najua unataka kumfundisha mwenyewe. Usifanye. Utamwambia "kunja magoti" mara arobaini, yeye atasikia "huwezi," na mtarudi chumbani hamsemeshani. Mwalimu mgeni akimfokea, anacheka. Wewe ukimfokea, anakumbuka na yale ya mwaka juzi.

Darasa la kikundi kwa kawaida ni masaa mawili asubuhi na mawili mchana, na walimu wengi wanazungumza Kiingereza. Tafuta kifurushi cha wanaoanza kinachojumuisha masomo, vifaa na lifti, kisha linganisha na bei ya kimoja kimoja. Uliza maswali mawili kabla ya kulipa: darasa lina watu wangapi wakizidi sana, na je, siku mbili za kwanza lifti za chini zinalipiwa kando au lazima pasi ya mlima wote? Pasi ya mlima wote siku ya kwanza ni hela ya kutupa.

Kama kipato kinaruhusu ziada moja tu, iwe saa moja ya mwalimu binafsi siku ya tatu. Siku ya kwanza haina faida kubwa kwa sababu mwili bado unashangaa. Siku ya tatu makosa yameshaonekana na yanarekebishika.

Dokezo la mila: Wabulgaria wengi wanatikisa kichwa kushoto na kulia kumaanisha ndiyo, na kukiinamisha kumaanisha hapana. Mwalimu akitikisa kichwa baada ya mwenzako kushuka, huenda anamsifu. Sikilizeni neno: "da" ni ndiyo, "ne" ni hapana.

Siku tano zinavyokwenda

Siku ya kwanza ni kutembea kama bata, kuanguka na kuinuka. Kuinuka kuna siri: ski zote mbili zilazwe kukata mteremko, upande wa chini wa mwili, kisha ajisukume kwa mikono. Zikielekea chini, zitakimbia kabla hajasimama. Akihisi anaanguka, akae kwa ubavu. Asijaribu kujizuia kwa mikono iliyonyooka, na asijaribu kuinuka huku bado anateleza. Kupanda ni kwa mkeka unaotembea, anasimama juu yake kama mzigo wa uwanja wa ndege. Jioni atasema hatarudi. Mpe supu.

Siku ya pili anafundishwa breki: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, umbo la kipande cha piza. Na anafundishwa kugeuka, ambako akili inakataa: ukikandamiza mguu wa kushoto, unakwenda kulia. Woga utamvuta kuegemea nyuma, kuelekea mlimani, kama anavyofanya kila mwanadamu mwenye akili. Ski zikikosa uzito mbele hazigeuki, zinakimbia. Muundi ukandamize ulimi wa buti, mikono iwe mbele kana kwamba amebeba sinia la chai.

Siku ya tatu ndiyo ngumu. Miguu inauma, na kitu alichoweza jana leo hakiwezi. Hapa ndipo wengi wanaacha. Punguzeni: darasa la asubuhi tu, mchana mwende mabwawa ya maji moto ya Belchin Banya, upande wa Samokov. Maji hayo yanarudisha miguu kuliko dawa yoyote ya kupaka niliyowahi kununua.

Siku ya nne, mara nyingi, kinafunguka kitu. Anashuka, anageuka, anasimama anapotaka. Sasa nunua pasi yake ya siku moja kwa ajili ya kesho.

Siku ya tano mnapanda lifti ya viti pamoja. Mwambieni mhudumu kwamba ni mara yake ya kwanza, atapunguza mwendo. Fimbo zote mkono mmoja, kamba zivuliwe mikononi, ncha za ski ziinuliwe kabla ya kushuka, na akishateremka asisimame hapo hapo kupiga picha kwa sababu viti vingine vinakuja. Lifti ya kijiti cha kitufe inayovuta mtu kutoka nyuma ndiyo inayoangusha wageni wengi: wanajaribu kuikalia. Haikaliwi. Anasimama, inamsukuma.

Njia zinapangwa kwa rangi: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Yeye ni kijani na buluu, basi. Angalieni ramani kabla ya kupanda kama kutoka juu kuna njia ya rangi hiyo hadi chini. Kama hakuna, kuteremka na lifti hakuna aibu. Na sheria moja ya mlimani izidi nyingine zote: aliye mbele yako, yaani aliye chini, ndiye mwenye haki ya njia. Anayekuja kutoka juu ndiye wa kukwepa.

Mwenzako akianza hadithi za "theluji si ya watu weusi," msimulie Philip Boit, Mkenya aliyekwenda kujifunza Finland mwaka 1996, akashindana Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika ski za masafa marefu. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni mwa njia amkumbatie.

Wewe ufanye nini

Darasa likiendelea, nenda kateleze. Usisimame pembeni ukipiga video. Lakini ukisema mtakutana saa sita na nusu, uwe pale saa sita na nusu, kwa sababu yeye amesimama na ski begani, amechoka, hajui aende wapi. Saa za mchana mwachie yeye kuchagua. Ukiwa na kiu ya njia nyekundu, lifti hufunguliwa kama saa mbili na nusu asubuhi. Amka mapema, ushuke mara nne kabla hajamaliza chai.

Chakula

Kuleni asubuhi chumbani, nyama na mboga za Samokov mpike jioni, na mchana mchukue supu. Bob chorba ni supu ya maharage, inashibisha na ni ya bei ndogo. Banitsa ni keki ya matabaka yenye jibini, mnanunua kwa waoka mikate asubuhi mkaiweka mfukoni. Wasiokula nguruwe wajifunze maneno: svinsko ni nguruwe, pileshko ni kuku, teleshko ni ng'ombe, agneshko ni kondoo. Kavarma, mchuzi unaoletwa kwenye chungu, mara nyingi ni wa nguruwe, na hata bob chorba huwekwa soseji mahali pengine. Ulizeni.

Maji mbebe ya kwenu. Pombe subirini jioni. Bima nyingi hazilipi aliyeumia akiwa amelewa.

Bima, na mtu akiumia

Kadi ya afya ya Ulaya inakufungulia hospitali ya umma, lakini hailipii kushushwa mlimani wala kusafirishwa kurudi nyumbani. Kateni bima ya safari yenye maneno ya wazi kwamba inajumuisha ski, uokoaji mlimani, na dhima kwa mtu mwingine, maana mgeni akimgonga mtu, anaweza kudaiwa. Isomeni pia sehemu ya vighairi: nje ya njia rasmi kwa kawaida hamna malipo.

Mtu akianguka asiinuke, chomekeni ski mbili zikiwa zimepishana juu yake ili wanaoshuka waone, msimvue buti, na pigeni 112. Waokoaji wa milimani wa Bulgaria wako chini ya Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo. Picha ya hati ya bima iwe kwenye simu zote mbili, na simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inaua betri.

Siku ya kuondoka

Rudisheni vifaa Ijumaa jioni, msingoje Jumamosi asubuhi, na mwangalie mkiwa hapo kwamba amana au hati mliyoacha imerudi mkononi. Anikeni glovu na kofia karibu na kipasha joto usiku, si juu yake. Basi la Samokov kwenda Sofia lipandeni mapema kuliko mnavyodhani inafaa, kwa sababu theluji ikianguka usiku barabara ya mlimani inakwenda polepole. Na mwenzako akipitiwa na usingizi begani mwako kabla hamjafika mjini, mwache. Mwamsheni Avtogara Yug.